Mlima Kenya unakumbuka nini?

SWALI: Wanasayansi husoma hali ya hewa ya kale ndani ya barafu. Mbona wasitoboe ya Mlima Kenya?
Msomaji, Embu

JIBU: Walishaitoboa. Mwaka 1978 wanasayansi Lonnie Thompson na Stefan Hastenrath walichimba barafu ya Lewis mlimani humo, lakini maji yaliyoyeyuka juu yalikuwa yamepenya chini na kuvuruga kumbukumbu za matabaka. Kilimanjaro, mwaka 2000, Thompson alipata zaidi: tabaka la vumbi la takriban sentimita 3, ishara ya ukame mkali wa miaka 4,000 hivi iliyopita. Huku kwetu, kumbukumbu imo kwenye tope la ziwa. Chavua iliyozikwa chini ya Sacred Lake, Meru, inaonyesha kwamba enzi ya barafu mimea ya baridi ya juu mlimani ilishuka hadi pale.

Huenda ukasema: kama tabianchi imebadilika tangu zamani, hofu ya nini? Historia hiyo haitupi kinga. Inathibitisha kwamba mvua hukatika, na leo tunaongeza joto kwa mikono yetu. Mito yetu ya Kathita na Rupingazi hutegemea zaidi mvua na msitu kuliko barafu. Barafu inayotoweka hatutairudisha, lakini msitu bado tunaweza kuulinda.