Moduli Haijapotea, Iko Bweni Jingine

Nawaandikia kutoka maabara ya kompyuta. Najua baadhi yenu mtauliza, mwanachama wa Chama cha Kiswahili anatafuta nini huko kwenye mashine? Jibu ni kwamba mashine zenyewe ndizo zilizonitafuta. Mwaka jana, nikiwa Kidato cha Tatu, mimi na mwenzangu tulikuwa tukitengeneza kifaa cha kupima kina cha maji katika tangi la bweni letu, tukipeleke kwenye mashindano ya sayansi ya kaunti ndogo. Siku ya Ijumaa tulitakiwa kuwa mbele ya waamuzi. Siku ya Jumatatu kompyuta ikatukataa. Yaliyotokea kati ya siku hizo mbili ndiyo ninayotaka kuwasimulia, maana kila wiki namwona mwanafunzi fulani pale maabara ameshika tama mbele ya kosa lile lile lililotutoa jasho.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Python ni lugha ya kuandikia programu. Iliundwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa umma mwaka wa 1991. Jina lake halikutokana na chatu, kama sote tulivyodhani, bali na kipindi cha vichekesho cha BBC kilichoitwa Monty Python's Flying Circus. Ukiisakinisha kwenye kompyuta unapata mkalimani, yaani programu inayosoma maagizo yako na kuyatekeleza. (Hapo chamani tulibishana sana kuhusu neno hili. Wengine walitaka "interpreta". Mimi nashikilia mkalimani, kwa sababu kazi yake ni hiyo hasa.) Moduli nayo ni faili au folda ya kazi zilizokwisha kuandikwa na mtu mwingine, ambayo wewe unaiita kwa neno import badala ya kuanza kuandika yote upya. Moduli nyingine huja pamoja na Python. Nyingine unaziongeza mwenyewe kwa chombo kiitwacho pip, kutoka kwenye ghala lililo katika intaneti.

Kifaa chetu kilikuwa na bodi ndogo ya Arduino iliyopima umbali kutoka juu ya tangi hadi usoni pa maji, kisha ikapeleka namba kwenye kompyuta kupitia waya. Programu yetu ya Python ndiyo iliyotakiwa kupokea namba hizo, na ili izipokee ilihitaji moduli iitwayo serial. Tukabonyeza, tukangoja, na kwenye skrini ikatokea mistari mingi myekundu. Mwenzangu alianza kuisoma kutoka juu. Hilo ni kosa la kwanza, na wengi hulifanya. Katika Python, mstari wa mwisho ndio unaosema shida ni nini, na ile ya juu inasema tu shida imepitia wapi. Mstari wetu wa mwisho ulikuwa huu:

ModuleNotFoundError: No module named 'serial'

Yaani, hakuna moduli yenye jina hilo. Basi tukasema, kama haipo si tuiweke! Tukamwomba mwalimu wa Kompyuta atuunganishe na simu yake, kwa bando lake mwenyewe, tukafungua dirisha la amri na kuandika pip install serial. Kompyuta ikajibu kwa bashasha kwamba imefaulu kusakinisha. Tukapigana makofi. Tukarudi kwenye programu, tukabonyeza. Lo! Kosa ni lile lile, neno kwa neno. Tukarudia amri. Sasa ikatuambia Requirement already satisfied, yaani kitu hicho tayari unacho. Dirisha moja linasema kipo, jingine linasema hakipo. Mwenzangu akasema mashine hii imerogwa, dawa yake ni kufuta kila kitu tuanze upya.

Hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nasikia haya. Nilifungua orodha ya programu zilizomo, nikaona Python ziko mbili, 3.6 na 3.9. Ile 3.9 mwenzangu aliileta kwa flashi kutoka kwa kakake. Ile 3.6 ilikuwapo tangu zamani, na kwa kuwa ilitoka mwaka wa 2016 niliiona kuukuu isiyo na faida. Nikaiondoa bila kumwuliza mtu.

Saa kumi jioni kaka mmoja wa Kidato cha Nne akaingia maabara. Alikuwa amemwandikia mwalimu msimamizi wa masomo programu ya kujumlisha alama za mtihani wa katikati ya muhula, shule nzima, na ripoti zilikuwa zinangojewa. Akabonyeza programu yake. Haikufunguka. Akabonyeza tena. Kisha akageuka polepole na kutuuliza, "Wadogo zangu, mmefanya nini humu?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwalimu alipoitwa hakutugombeza kama nilivyotarajia. Alivuta kiti akaketi, akatueleza kwa mfano ambao nitauazima hapa. "Hapa shuleni," akasema, "kila bweni lina masanduku yake. Ukiweka sukari katika sanduku la bweni la kwanza, halafu ukaenda kuitafuta katika bweni la pili, hutaipata hata ukikesha. Je, sukari imepotea?" Ndivyo zilivyo Python mbili katika mashine moja. Kila moja ina folda yake ya vifurushi, iitwayo site-packages, na haichungulii ya jirani. Amri yetu ya pip ilikuwa ya 3.6, kwa sababu folda ya 3.6 ndiyo iliyotangulia katika PATH, ile orodha ambayo Windows huifuata inapotafuta amri. Lakini programu yetu tuliiandikia na kuiendeshea ndani ya IDLE ya 3.9. Tuliweka sukari bweni moja, tukala uji bweni jingine.

Bahati ilikuwa upande wetu, au tuseme upande wa yule kaka. Programu ya kuondoa Python iliondoa yale iliyokuja nayo, lakini folda ya site-packages pamoja na moduli ya openpyxl, ambayo programu ya alama iliitumia kusoma majedwali ya Excel, ilibaki mahali pake. Mwalimu alikuwa bado na faili la kusakinishia 3.6. Akaliendesha na kuirudisha Python hiyo katika folda ile ile ya awali, na alama zikarudi kabla ya kengele ya chakula cha jioni. Faili la alama zenyewe halikuguswa hata kidogo. Ila nawaambieni, ile saa moja na nusu ilikuwa ndefu kuliko mtihani wa Hisabati.

Basi kabla ya kusakinisha au kuondoa chochote, muulize mkalimani mwenyewe yeye ni nani na anakaa wapi. Andika mistari hii mahali pale pale programu yako inapokataa, si kwenye dirisha jingine:

import sys
print(sys.executable)
print(sys.path)

Mstari wa pili utakuonyesha ni Python ipi hasa inayozungumza nawe. Wa tatu utakuonyesha folda zote inazozitafuta moduli, kwa zamu. Ukiwa kwenye Windows, amri ya py -0p (hiyo ni sifuri, si herufi O) itakuorodheshea Python zilizosajiliwa katika mashine pamoja na makazi yao. Ukishajua unayemtaka, usiseme pip peke yake. Mtaje kwa jina:

py -3.9 -m pip install ...

Sasa pip haina nafasi ya kwenda bweni la jirani. Kwenye Linux utasema python3 -m pip, na maana ni ile ile. Lakini Linux nyingi za siku hizi, kwa mfano Debian tangu toleo la 12 la mwaka wa 2023, zitakukatalia na kukuambia mazingira yale yanasimamiwa na mfumo wenyewe. Usilazimishe. Tengeneza chumba chako kwa python3 -m venv, ukipe jina, kisha usakinishe humo.

Tulidhani mambo yamekwisha, kumbe bado. Kwa kujiamini nikaandika py -3.9 -m pip install serial. Ikafaulu. Tukaendesha programu, na kosa likabadilika:

AttributeError: module 'serial' has no attribute 'Serial'

Nikakaribia kulia. Mwalimu yeye akacheka, akasema kosa likibadilika ujue umesogea. Moduli sasa imepatikana, ila ndani yake hakuna kitu tulichokiita. Sababu? Katika ghala lile la intaneti, jina la kifurushi si lazima lifanane na jina unaloliita ndani ya programu. Moduli ya serial tuliyoitaka hukaa katika kifurushi kiitwacho pyserial. Kile kinachoitwa serial tupu ni kitu kingine kabisa, cha kazi nyingine! Mifano iko mingi. Unaita PIL lakini unasakinisha Pillow. Unaita cv2 lakini unasakinisha opencv-python. Unaita bs4, kumbe kifurushi ni beautifulsoup4. Tena ghala hilo liko wazi kwa yeyote kupakia kazi yake, wema na waovu, kwa hivyo jina la kubahatisha linaweza kukuletea mgeni usiyemtaka. Soma kwanza maelezo ya waliotengeneza moduli.

Na hapa pana mtego mdogo. Vifurushi hivyo viwili vyote huandika ndani ya folda yenye jina serial. Ukiweka pyserial juu ya ile nyingine kisha ukaondoa ile nyingine, itaondoka na mafaili ya mwenzake. Sisi tuliziondoa zote mbili, ndipo tukasakinisha pyserial peke yake, safi.

Tukaendesha. Kosa lile lile la AttributeError! Ilikuwa Jumatano usiku, wakati wa maandalio. Hata mwalimu alikuna kichwa kidogo, kisha akatuambia tuandike print(serial.__file__) chini ya mstari wa import. Skrini ikaonyesha faili lililokuwa ndani ya folda yetu wenyewe ya mradi. Nikamtazama mwenzangu. Mwenzangu akatazama chini. Kumbe Jumanne, wakati mimi nikihangaika na alama za watu, yeye aliandika faili dogo la majaribio ya waya akaliita serial.py. Python inapotafuta moduli huanza na folda ambamo programu yako imo, kabla ya kwenda site-packages, na ikipata jina inasimama hapo hapo. Ilipata faili la mwenzangu, ikaridhika. Tulilibadilisha jina likawa jaribio_la_waya.py, na namba za tangi zikaanza kuteremka kwenye skrini kama mvua ya masika.

Hili la majina nalisisitiza kwa wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza. Mkifundishwa kuchora kwa moduli ya turtle, wengi wenu mnahifadhi faili kwa jina turtle.py, kisha mnalalamika eti kompyuta za shule ni mbovu. Wengine huandika random.py. Angalieni faili lenu kabla ya kuangalia mashine.

Yapo makosa mengine nitakayoyapitia mbiombio. Ukiandika python na Windows ikasema haiitambui amri hiyo, au ikakufungulia duka la Microsoft, huenda Python imo ila haimo katika PATH. Jaribu py kwanza. Ikikataa pia, endesha tena faili la kusakinishia na utie alama kwenye kijisanduku cha kuiongeza katika PATH, kile ambacho wengi wetu hukiruka kwa haraka. Kama mashine yenu ingali na Windows 7, msihangaike na Python 3.9 au mpya zaidi. Haitakubali, na 3.8 ndiyo ya mwisho kwa mashine hizo.

Na kama maabara yenu haina intaneti kama yetu, si lazima mmalize bando la mwalimu. Nendeni kwenye kompyuta yenye intaneti na Python ya toleo lile lile, muandike python -m pip download pyserial, mbebe faili kwa flashi, kisha kwenye mashine ya shule:

py -3.9 -m pip install --no-index --find-links=E:\ pyserial

Herufi ya E ni ya flashi, kwenu yaweza kuwa F au D. Pyserial ni nyepesi, haifiki kilobaiti 100, na faili lake moja hufaa mashine zote. Moduli kama numpy ni tofauti. Faili lake hutengenezwa kwa toleo maalumu la Python na aina maalumu ya mashine, kwa hivyo mkichukua la 64 mkalipeleka kwenye Python ya 32 litakataliwa mlangoni.

Ijumaa tulikwenda. Kifaa kilifanya kazi mbele ya waamuzi mara mbili, na mara ya tatu waya ukachomoka, jambo ambalo Python haihusiki nalo. Tulipata nafasi ya nne, na nafasi tatu za kwanza ndizo zilizosonga mbele. Yule kaka wa Kidato cha Nne amekwisha kumaliza shule, lakini programu yake ya alama bado inatumika, kwenye 3.6 ile ile. Juu ya mashine hiyo mwalimu alibandika karatasi kwa mkono wake: "Usiondoe 3.6. Alama za shule nzima zimo humu." Chini yake mtu fulani ameongeza jina langu kwa kalamu nyekundu.