SOMO LA AFYA: Ugonjwa wa Moyo Unaorithiwa



Je, katika ukoo wenu kuna kijana aliyeanguka ghafla akilima au akicheza mpira, akafa? Mara nyingi watu husema amelogwa. Pengine ulikuwa moyo, na ndugu zake walio hai wanaweza kuwa na ugonjwa huohuo.

1. Ni ugonjwa gani?
Nyama ya moyo huwa nene kupita kiasi. Mapigo yanaweza kuvurugika ghafla. Mchezaji wa Kamerun, Marc-Vivien Foé, alianguka uwanjani Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003, akafa akiwa na miaka 28. Uchunguzi wa maiti ulionyesha dalili za ugonjwa huu.

2. Unapatikanaje?
Hauambukizi. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Wengine huurithi bila kuhisi lolote.
Usiuchanganye na ugonjwa wa moyo unaotokana na maumivu ya koo yasiyotibiwa. Huo haurithiwi hivi. Mtoto mwenye homa na koo linalouma apelekwe zahanati.

3. Dalili
- Kuzirai wakati wa kukimbia au kazi nzito.
- Maumivu ya kifua na kuishiwa pumzi.
- Moyo kwenda mbio bila sababu.

4. Ufanye nini?
Daktari atauliza habari za ukoo. Nyumbani wazee ndio wanaozikumbuka, lakini ukimbizi hututawanya. Waliovuka mpaka kutoka Kenya mwanzoni mwa 2008 na kupokelewa Mulanda, Tororo, wanajua jinsi jamaa wanavyopotezana.
Kwa hiyo, keti na bibi, babu, shangazi au mjomba. Walio mbali, waulize kwa simu. Andika katika daftari: nani alikufa ghafla, ana uhusiano gani nawe, alikuwa na umri gani, na alikuwa akifanya nini.
Mpelekee mhudumu wa afya daftari hilo. Mwombe ushauri wa kupimwa, wewe na watoto wako. Ikihitajika, mgonjwa hutumwa hospitali kubwa zaidi, kama ya Dabani au Tororo, hata Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago, Kampala. Moyo hupimwa kwa mashine, bila kupasuliwa.

5. Kuishi na ugonjwa huu
Wengi huishi miaka mingi. Meza dawa kila siku, hata ukijisikia mzima. Ukiwa mjamzito, mwambie mkunga. Mwalimu wa mtoto naye ajue.
Mtu akianguka, haamki wala hapumui, mlaze chali, bonyeza kwa nguvu na haraka katikati ya kifua bila kuacha, na mwingine akimbilie msaada.

Maswali ya kuzungumza nyumbani
a) Nani katika ukoo wetu alikufa ghafla angali kijana?
b) Ni mzee gani tumuulize kabla habari hizo hazijapotea?