Mnara wa Siloamu na Mlima Hanang
(Someni Luka 13:1–5 na Zaburi ya 46)



Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, siku ambayo Kanisa huanza mwaka wake kwa kumngojea Bwana ajaye. Alfajiri ya siku ile, kabla watu hawajaenda ibadani, tope na mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang baada ya mvua kubwa. Nyumba za Katesh, Gendabi na sehemu za jirani zilifunikwa, na watu zaidi ya 80 wakafa. Serikali ilieleza ya kuwa haikuwa volkano wala tetemeko la nchi, bali sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi, ikamomonyoka. Mlima ule wa mita zaidi ya 3,400 watu waliuzoea kama mtu aizoeavyo nguzo ya nyumba yake.

Basi jambo la ghafula kama hili likitokea, neno moja huja upesi midomoni: “Wamefanya nini hata Mungu awapige hivi?” Neno hili si geni. Bwana Yesu alipoletewa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, aliwakumbusha wasemaji wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Je, walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wote wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Angalieni, hakueleza kwa nini mnara ulianguka. Aliwageuza waulizaji wajitazame wao, wapate kutubu wangali hai. Mwalimu asimamaye penye matanga na kuzihesabu dhambi za marehemu amesema neno ambalo Bwana alikataa kulisema.

Kwetu Mbulu, tangu Daudi hata mpaka wa Hanang, jambo hili lina mizizi. Wazee wa Kiiraki walikuwa na desturi ya metimani: aliyepatwa na misiba ya namna fulani alitengwa, asile wala kunywa pamoja na jirani, ili unajisi wake usiwafikie wengine. Siwacheki wazee, walitaka kuwalinda watu wao. Lakini Bwana alimgusa mwenye ukoma, na penye lango la Naini aliligusa jeneza. Desturi ile yaweza kuachwa kwa jina, ikabaki moyoni, Mkristo akapita mbali na nyumba ya msiba.

Liko na neno la pili, nalo ni gumu zaidi kulitambua kwa kuwa limevaa nguo za imani: “Mimi namtumaini Mungu, hayo hayatanifika.” Huko ni kumfanya Mungu kuwa hirizi. Zaburi ya 46 haisemi milima haitaondoka. Yasema kwamba hata ikiondoka, Mungu ni kimbilio. Tena kumtumaini hakumkatazi mtu kuihamisha nyumba yake kutoka njia ya maji.

Katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, Luther alipoeleza ombi la mkate wa kila siku, alihesabu ndani yake hali njema ya hewa, na jirani wema pia. Huko Hanang hali njema ya hewa ilikosekana. Jirani hawakukosekana: wanakijiji na askari walichimba topeni, shule zikawa malazi ya waliokosa nyumba, na baadaye baadhi yao walijengewa nyumba na Serikali huko Waret. Tuombapo Baba Yetu, mara nyingi jibu lake huja limeshika sepetu.

Enyi walimu, mkimfikia aliyefiwa, naye akauliza, “Mungu alikuwa wapi asubuhi ile?”, msimkemee. Ketini naye kwanza. Mkifungua Kitabu, msianze na Zaburi ya 46; anzeni na ya 13, ambamo Daudi mwenyewe anamwuliza Bwana atamsahau hata lini. Ile ya ngome na kimbilio mwaweza kurudi nayo siku nyingine, mtakapokwenda kumsaidia kulima.