SOMO: DAFTARI LA MAJINA NI AMANA

Masomo ya kusoma pamoja: Hesabu 1:1-3, 2 Samweli 24:1-10, Mezali 11:13.

Kusudi la somo: Kila anayeshika daftari la kikundi ajue kwamba jina na namba ya simu ni mali ya mwenyewe. Yeye amewekewa tu avilinde.



Hapa Bendera kila kikundi kina daftari lake: waimbaji, wamama, vijana, hata likelemba. Ndani yake mna jina, namba ya simu, nyumba anamokaa mtu, na pengine fedha alizotoa. Mtu anapoandikwa anafikiri moyoni: hawa ni ndugu zangu, wataniita kwa mkutano, watanitembelea nikiugua. Kwa tumaini hilo anatoa namba yake. Je, tunaweza kuitumia kwa kazi nyingine bila kumwuliza?

1. Kuhesabu kwa namna mbili

Musa alihesabu watu, na hakukosa, kwa sababu aliagizwa na kazi ilijulikana. Daudi naye alihesabu watu. Yoabu alimwuliza sababu, lakini mfalme hakusikia, na baadaye moyo wake ulimchoma. Kazi ya mikono ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni kusudi. Ndivyo ilivyo kwa daftari: jina lililotolewa kwa kazi moja lisitumiwe kwa kazi nyingine bila ruhusa ya mwenyewe.

2. Mambo yaliyotukia kwa jirani

Mwezi wa 6 mwaka 2021, Wakenya wengi walitazama orodha za vyama vya siasa wakakuta wameandikwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakujiunga navyo. Walipeleka malalamiko kwa ofisi ya serikali inayolinda habari za watu. Kila mmoja alijiuliza ni daftari gani lililomtoa.

Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya. Ilitumia majina na namba ilizopata kwa watu wengine, ikawasumbua wenyewe kwa simu na ujumbe wa vitisho.

3. Hatari iliyo mlangoni petu

Umeme wa mto Kiymbi unatoka hapa kwetu na kufika Kalemie. Namba ya simu inakwenda mbali kuliko huo, wala hakuna anayeweza kuirudisha. Mwizi akipata orodha yetu, anampigia mama mmoja, anamwita kwa jina, anataja kikundi chake na prezida wake, kisha anasema: dada yenu yuko hospitali, tuma franka haraka. Mama anaamini, sababu ni nani mwingine angejua hayo yote? Mwizi hakuvunja mlango. Sisi tulimpa ufunguo.

Tena, katika Tanganyika wengi wamekimbia vita, wengine zaidi ya mara moja. Kuna pia mwanamke aliyemkimbia mtu anayemtesa. Kwao, kutajwa mahali wanapolala ni jambo la uhai na mauti. Nchini Rwanda, mwaka 1994, kabila lililoandikwa katika kitambulisho lilitosha kumtenga mtu kwenye kizuizi cha njia, akauawa. Maandishi machache yaliwafikisha wengi kaburini.

4. Sheria ya nchi

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha ya siri ya kila mtu na mawasiliano yake. Tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 ilitolewa pia sheria inayoitwa Code du numérique, ambayo ndani yake mna kanuni za kulinda habari za watu.

5. Tufanye nini?

a) Tuandike yale tu yanayohitajika. Kama namba yatosha, tusiulize nyumba.
b) Sekretere alinde daftari mahali pa kufungwa, asilipige picha na kuisambaza kwa simu.
c) Mtu akiomba namba ya ndugu, tumwulize ndugu kwanza. Hata kama anayeomba ni mkubwa.
d) Anayetaka kufutwa afutwe, bila kuhojiwa.
e) Ukipigiwa simu ya kuomba fedha, kata, kisha mpigie ndugu mwenyewe kwa namba unayoijua. Namba ya siri ya fedha za simu usimpe mtu yeyote.
f) Sekretere akiacha kazi, arudishe daftari, na majina yaliyo katika simu yake ayafute.

Maswali ya kujadiliana

1. Nani anashika daftari la kikundi chenu, na linalala wapi?
2. Mgombea wa kura akileta zawadi kwa kanisa na kuomba orodha ya vijana, tutamjibu nini?
3. Mezali 11:13 inatofautisha watu wa namna mbili. Wewe u yupi?

Ndugu asiyeweza kutunza jina la mwenzake, tutamkabidhije fedha zake au shida zake? Tuanze kwa lile daftari dogo. Bwana awabariki.