Karanga na Sumukuvu: Kwa Wakulima wa Fizi na Baraka

Karanga za msimu wa kwanza, zile zinazopandwa Septemba au Oktoba, hukomaa mvua ikiwa bado inanyesha, na ndizo zinazotupa kazi kubwa. Za msimu wa pili huvunwa kuelekea kiangazi na hupata jua la kutosha. Lakini mvua ikikatika mapema kabla punje hazijajaa, mmea hudhoofika na kuvu hupata nafasi.

Kuvu tunayoizungumzia, Aspergillus flavus, huishi udongoni. Huingia kwenye ganda lililopasuka, lililotobolewa na mchwa au lililokatwa na jembe, na penye joto na unyevu hutengeneza sumu ya aflatoksini, yaani sumukuvu. Sumu hii iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, wakiwa wamelishwa mashudu ya karanga. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyohiyo yaliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Vifo vya namna hiyo ni nadra. Kilicho cha kawaida ni kula kidogo kidogo kwa miaka mingi: ini huharibika na hatari ya saratani yake hupanda, hasa kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B.

Jiko haliokoi. Sombe iliyoungwa kwa karanga mbaya, hata ikichemka mpaka mawese yaelee juu, inabaki na sumu. Kukaanga hupunguza sehemu tu.

Siku za kuvuna

Ng'oa mashina machache katika pembe mbalimbali za shamba, uvunje maganda. Kama mengi yamegeuka rangi ya kahawia au nyeusi upande wa ndani, vuna. Anayesubiri ziongezeke hukuta nyingine zimeota humohumo ardhini.

Kung'uta udongo, kisha geuza mashina ili karanga zitazame juu na majani yawe chini. Zikinyauka, zichambue na kuzianika juu ya turubai au mkeka, si juu ya ardhi tupu. Wingu likitanda, funika. Mvua ikikata, funua mara moja, kwa sababu karanga zilizofunikwa kwa plastiki bila hewa hutoa jasho na kuvu huamka. Zimekauka ukitikisa ganda na kusikia punje zikigonga ndani, na ngozi ya punje ikichubuka ukiisugua kwa vidole. Wataalamu hutaka unyevu wa punje usizidi asilimia 7 hivi.

Kuna desturi moja tunaomba iachwe: kunyunyizia maganda maji ili yalainike kabla ya kubanja. Tunajua vidole vya mama vinauma baada ya gunia moja, na si haki kazi hiyo yote kumwangukia yeye. Lakini maji hayo hurudisha unyevu uliotolewa kwa siku nyingi za jua. Heri kubanja kidogo kidogo, kila mtu wa nyumbani akisaidia, na kuziacha nyingine ndani ya maganda, katika gunia linalopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kuchambua

Sumu haigawanyiki sawa. Punje chache zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu ndizo hubeba sehemu kubwa yake, kwa hiyo mikono na macho hufanya kazi kubwa hapa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kiwango cha Jumuiya ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, si zaidi. Anayetaka kuuza ng'ambo ya ziwa, Kigoma au Burundi, ajue hivyo.

Zile mbaya, mara nyingi, husagwa kuwa unga, huuzwa bei ya chini au hutupiwa kuku. Kuku huumwa nazo pia, na mbuzi au ng'ombe anayezila hutoa sumu katika maziwa ambayo mtoto atakunywa. Zichome, au zifukie katika shimo refu mbali na mifugo.