SOMO: Uchaguzi wa Bunge la Jimbo. Kura yetu inahesabiwaje?



Katika somo hili tunataka kujifunza pamoja jinsi wabunge wa jimbo wanavyochaguliwa nchini kwetu Kongo. Wabunge wa jimbo walichaguliwa mara ya mwisho tarehe 20 Desemba 2023, kwa muhula wa miaka 5. Kwa hiyo kwa hesabu ya Katiba, uchaguzi unaofuata ni wa mwaka 2028, na tarehe yake itatangazwa na Tume Huru ya Uchaguzi (CENI). Tunaanza mapema kwa sababu ugomvi mwingi wa baada ya uchaguzi unatokana na watu kutofahamu hesabu ya kura. Mtu akishindwa na hajui kwa nini ameshindwa, anatafuta wa kumlaumu, na mara nyingi anamlaumu jirani wa kabila lingine. Kujua hesabu ni kinga ya amani.

1. Bunge la jimbo linafanya kazi gani?

Nchi yetu ina majimbo 26 tangu mwaka 2015, na kila jimbo lina bunge lake. Wabunge hao wanapiga kura ya bajeti ya jimbo, wanatunga sheria za jimbo na wanaichunguza serikali ya jimbo. Zaidi ya hayo, wao ndio wanaomchagua liwali na makamu wake, na wao ndio wanaochagua maseneta. Sisi wananchi hatumchagui liwali moja kwa moja. Tukimchagua mbunge wa jimbo tumempa pia nguvu ya kutuchagulia liwali na seneta. Ndiyo maana kura hii isidharauliwe, hata kama siku hiyohiyo watu wanazungumzia zaidi kura ya rais.

Katiba inaruhusu pia baadhi ya machifu wa mila kuingia bungeni bila kupigiwa kura na wananchi. Idadi yao haiwezi kupita sehemu moja ya kumi ya wabunge wote.

2. Tunapiga kura namna gani?

Kwa kawaida kila wilaya (teritware) na kila mji ni eneo la uchaguzi lenye idadi yake ya viti. Vyama na miungano ya vyama huleta orodha za wagombea, na wako pia wagombea huru. Mchaguzi ana kura moja tu: anachagua jina la mtu mmoja. Mwaka 2018 na 2023 tulitumia mashine. Mchaguzi anagusa picha ya mgombea wake, mashine inachapa karatasi, naye anaitia ndani ya sanduku.

Jambo la kukumbuka: kura hiyo moja inafanya kazi mbili. Kwanza inaongeza hesabu ya orodha nzima, kisha inamwongezea yule mtu nafasi kati ya wenzake wa orodha. Kuandikwa juu au chini kwenye orodha hakumsaidii mgombea wala hakumzuii.

3. Viti vinagawanywaje?

Palipo na kiti kimoja tu, hesabu ni nyepesi: mwenye kura nyingi ndiye mbunge. Palipo na viti 2 au zaidi, viti vinagawanywa kati ya orodha. Tuchukue mfano wa kufikirika. Wilaya fulani ina viti 4 na kura halali 80,000. Tunagawa 80,000 kwa 4, tunapata 20,000. Hiyo ndiyo bei ya kiti kimoja.

- Orodha A ina kura 46,000. Inalipia viti 2 (40,000), inabaki na 6,000.
- Orodha B ina kura 17,000. Hailipii kiti, inabaki na 17,000.
- Orodha C ina kura 11,000. Hailipii kiti, inabaki na 11,000.
- Orodha D ina kura 6,000. Hailipii kiti, inabaki na 6,000.

Viti 2 vimepata wenyewe na 2 havijapata. Sasa tunatazama mabaki: penye baki kubwa ndipo kiti kinapokwenda. B ina 17,000, inapata kiti. C ina 11,000, inapata kiti cha mwisho. Matokeo: A viti 2, B kiti 1, C kiti 1, D hakuna.

Nani wanaingia bungeni? Katika kila orodha wanaingia waliopata kura nyingi kuliko wenzao. Tuseme wagombea wanne wa A walipata 24,000, 12,000, 6,000 na 4,000. Wanaingia wawili wa kwanza. Na C, yenye wagombea wengi waliogawana kura 11,000, wa kwanza wao alipata 5,000. Huyo anaingia.

Hapa ndipo moto unapowaka. Yule wa tatu wa A mwenye kura 6,000 ameachwa nje, na wa C mwenye kura 5,000 ameitwa mheshimiwa. Wafuasi wake wanapiga kelele kwamba kura zimeibwa. Lakini katika mfano huu hakuna aliyeiba. Orodha A ilikwisha kutumia kura zake kulipia viti 2, na baki lake lilikuwa dogo. Kiongozi anayeweza kueleza hesabu hii kwa chaki ukutani anaweza kuzuia mawe kurushwa.

Kuna sharti lingine. Kwa sheria iliyotumika 2018 na 2023, orodha ya chama lazima ifikishe asilimia 3 ya kura halali za jimbo zima ili iingie katika ugavi wa viti. Chama kinaweza kupendwa sana katika wilaya moja, lakini kikikosa kura kwingine kote jimboni kinatoka mikono mitupu. Basi kabla ya kumpa mtu kura, tumwulize pia: chama chako kinasimama wapi katika wilaya zingine? Sheria ya uchaguzi inaweza kubadilishwa kabla ya kura, kwa hiyo tufuatilie matangazo ya CENI.

4. Na sisi tuliohama makwetu?

Kanuni ni kwamba mtu anapiga kura pale alipoandikishwa. Tena viti vya kila wilaya vinatolewa kwa kufuata idadi ya walioandikishwa huko, si idadi ya wakaaji. Wilaya ambayo watu wake wameandikishwa kwingine inaweza kupungukiwa na sauti, na wilaya iliyopokea wahamaji inaweza kuongezewa.

Vita vimetuonyesha uchungu wa jambo hili. Mwaka 2023 uchaguzi haukufanyika Masisi na Rutshuru katika Kivu ya Kaskazini, wala Kwamouth katika Mai-Ndombe, kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Mnamo Januari na Februari 2025 miji ya Goma na Bukavu ilitekwa na M23, na familia nyingi zilizokuwa zimekwisha kuhama zikahama tena. Nao ndugu zetu walio wakimbizi Uganda, Burundi, Rwanda na Tanzania hawakuwa na vituo vya kura. Mwaka 2023 Wakongo wa nje walipiga kura katika nchi 5 tu (Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Marekani na Kanada), na ilikuwa ya rais peke yake.

Kwa hiyo tunawashauri haya:

- Kadi ya mchaguzi itunzwe kama mali, maana kwetu inatumika pia kama kitambulisho. Iliyopotea, ombeni nakala kwa CENI. Msimpe mtu yeyote kadi yenu akae nayo, hata kama ni kiongozi wa kambi.
- Siku za kuandikisha zikifika, ulizeni kwanza: nikiandikishwa hapa, nitamchagua mbunge wa hapa au wa kwetu? Familia ijadili, kisha kila mtu mzima aamue mwenyewe.
- Msaada wa chakula na mahema si zawadi ya mgombea. Anayesema “msiponichagua hamtaandikwa kwenye orodha ya msaada” anawadanganya.
- Enyi wenyeji mnaopokea wageni, mhamaji aliyeandikishwa kwa sheria hajaiba kiti chenu. Anakunywa maji ya kisima chenu na anatembea njia yenu. Mbunge mwema anawafaa wote wawili.

5. Matokeo yakitiliwa mashaka

Udanganyifu upo, hatuwezi kuuficha. Mwezi Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82, na ikabatilisha uchaguzi wa Masimanimba na Yakoma, ambao ulirudiwa Desemba 2024. Hilo linatufundisha kwamba kosa linaweza kurekebishwa bila damu kumwagika, pakiwa na ushahidi. Mashahidi wa vyama wana haki ya kukaa kituoni na kutazama hesabu. Matokeo ya kituo yanabandikwa mlangoni, nasi tuyaandike daftarini. Malalamiko kuhusu wabunge wa jimbo yanapelekwa kwenye Korti ya Rufaa ya Utawala. Panga haijui kuhesabu kura.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Wilaya ina viti 3 na kura halali 60,000. Orodha K ina 33,000, L ina 18,000, M ina 9,000. Nani anapata viti vingapi? (Jibu: K viti 2, L kiti 1, M hakuna.)
2. Kwa nini mgombea mwenye kura nyingi anaweza kuachwa nje? Mtamwelezaje kijana aliyekasirika?
3. Hapa kwetu, wahamaji na wenyeji wana shida gani zinazofanana ambazo wangeweza kumpelekea mbunge mmoja?
4. Nani kati yetu atachukua jukumu la kuwasomea somo hili wasiojua kusoma?

Tunawatakia mazungumzo mema. Kwa pamoja tujenge amani.