Tamaa ya Majoka katika Kigogo

Swali: "Tamaa ya mamlaka ndiyo inayomwangusha Majoka." Thibitisha. (alama 10)

Majibu:
(i) Anapanga mauaji ya Jabali, mpinzani wake.
(ii) Anafunga Soko la Chapakazi ili ajenge hoteli. Wachuuzi wanakosa riziki na kuandamana.
(iii) Ashua anafungwa ili Sudi alazimike kuchonga kinyago, Sudi anakataa.
(iv) Mwanawe, Ngao Junior, anafariki. Babu anamwonya ndotoni, naye hasikii.
(v) Kenga, mshauri wake, anamwacha na kujiunga na umma.

Angalizo: Usiandike tu "Majoka ni katili." Hiyo ni sifa, si hoja. Taja tendo, kisha ueleze linavyomsogeza kwenye anguko. Hapo ndipo alama zilipo.